Nimebadilishiwa goti, mguu ukalegea, kleimu yangu ya fidia ya ulemavu wa jeshi imekataliwa. Nakataje rufaa?

DerevaWaKwale:

Wakuu habari za saa hizi. Mi humu huwa nasoma tu kimya kimya, leo imebidi niandike maana nimekwama na muda unaniishia.

Nilikuja Marekani 2006 kwa ile bahati nasibu ya grinikadi, 2008 nkaingia Army, nkapewa kuendesha malori, nkaenda Iraq mara moja na Kuwait mara moja, nkatoka 2016. Goti la kulia liliharibikia huko huko jeshini, kupanda na kushuka lile lori na mzigo mgongoni miaka nane si mchezo. Nilipotoka VA, ile idara ya maveterani, wakanipa ulemavu wanaoulipia kwa asilimia: 10 ya goti, 20 ya mgongo na 10 ya masikio yanayovuma usiku kucha. Sikulalamika, nkachukua nkaendelea na maisha.

Goti likaendelea kusagika mpaka nkaambiwa hili la kubadilisha, VA wakanipa rufaa kwenda hospitali moja ya binafsi karibu na kwangu (jina naliacha). Nkapasuliwa, nkawekewa la chuma. Nlivyoamka nkaambiwa kila kitu kimeenda sawa, nkashukuru Mungu. Jioni nesi akaja akasema inua vidole vya mguu, nkaviamrisha, vikanitazama tu. Daktari akasema ni uvimbe, itarudi ndani ya miezi sita. Leo mwezi wa 19 wakuu. Wayo umelala, nkitembea unapiga chini pa pa pa kama kandambili iliyokatika kidole, bila ile brasi ya plastiki ya kushikilia wayo ndani ya kiatu nadondoka. Ngazi mpaka nishike ukuta. Kazini wamenitoa kwenye foklifti wamenikalisha kwenye kompyuta. Daktari wa mishipa ya fahamu kanipima na ile mashine ya sindano na umeme, EMG, akasema neva ya pembeni ya goti imeumia na hakuna dalili ya kurudi.

Jamaa mmoja kazini, naye alikuwa Navy, akaniambia we andika kleimu ya kifungu 1151, hicho ndo cha watu walioharibiwa kwenye operesheni. Nkaandika kurasa tatu nkieleza uzembe wa yule daktari, maana hasira nlikuwa nazo. Mwezi wa tatu barua ikaja. Goti: asilimia 100 kwa miezi minne kisha 30. Mguu: imekataliwa. Sababu waliyoandika ni kwamba operesheni haikufanyika hospitali ya VA wala na mfanyakazi wa VA, na kwamba nilisaini karatasi ya ridhaa ambayo imetaja kuumia kwa neva kama hatari inayojulikana. Na ni kweli nlisaini, nani asome kurasa zile saa kumi na moja alfajiri na njaa ya kufunga.

Sa hivi ni mwezi wa 12 na nasikia mwisho ni mwaka mmoja. Rufaa ya kwanza ilinipeleka kwenye kisu, sasa natafuta hii ya pili inipeleke wapi? Kuna watu wananiambia tafuta wakili, wengine wanasema omba mkubwa apitie faili, wengine wanasema nenda kwa jaji moja kwa moja. Nimechanganyikiwa. Na jumla yangu sa hivi ni 50.

Mtu_wa_Houston:

Pole sana kaka. Wakili, usiulize mara mbili. Hapa Marekani daktari akikosea unamshtaki, unalipwa mpaka wajukuu wanasoma. Achana na makaratasi ya VA hayo yatakuzeesha.

SajiniMstaafu_Tanga:

Mdogo wangu pole, na wewe wa Houston tulia kwanza, mtu anauliza njia we unampa ndoto.

Dereva, nimesoma mara mbili. Umegonga mlango usio wako, ndo maana haukufunguliwa. Sio kwamba madai yako ni ya uongo, ni kwamba umeyapitisha kwenye kifungu kigumu wakati kipo chepesi pembeni yake.

Kifungu 1151 kimewekwa kwa ajili ya mtu ambaye VA wenyewe wamemtibu na matibabu yakamwachia ulemavu mpya, hata kama ugonjwa uliompeleka hospitali hauna uhusiano wowote na jeshi. Mfano umetoka jeshini mzima, miaka ishirini baadaye unaenda hospitali ya VA kutolewa nyongo, wanakuharibu utumbo. Huyo ndo wa 1151. Na lazima uonyeshe mojawapo: kulikuwa na uzembe, kutokuwa na ujuzi, kosa la maamuzi, kitu cha namna hiyo, AU lilikuwa tukio ambalo daktari mwenye akili timamu asingelitegemea. Sasa we karatasi uliyosaini imelitaja hilo tukio kwa jina. Na hospitali ni ya binafsi. Hapo umefungwa mabao mawili kabla ya mapumziko.

Zamani haikuwa hivi, nieleze kidogo maana wazee humu huwa wanachanganya. Kuna askari wa vita vya Korea anaitwa Fred Gardner, alipasuliwa mgongo hospitali ya VA akatoka na mguu wa kushoto dhaifu. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, 1994 majaji wote wakasema sheria haijadai uzembe popote, mlipeni. Kongresi wakaona hapa tutafilisika, 1996 wakaibadilisha wakaingiza neno la uzembe, na ikaanza kutumika kwa kleimu za kuanzia Oktoba 1997. Kwa hiyo mtu akikuambia "mjomba wangu alilipwa bila kuonyesha kosa la daktari" anaweza kuwa anasema kweli, ila mjomba alikuwa wa enzi hizo.

Sasa mlango wako. Goti lako ni la jeshi, wameshakubali tangu 2016, ni asilimia 10 hizo zimeandikwa. Goti la jeshi ndo limesababisha operesheni. Operesheni ndo imeumiza neva. Basi neva ni mtoto wa goti. Hii inaitwa madai ya sekondari (sio shule jamani), kanuni ni 3.310, inasema ulemavu wowote uliosababishwa na ulemavu wa jeshi nao unahesabiwa wa jeshi. Hapo HAKUNA ANAYEULIZA KOSA NI LA NANI. Daktari awe bingwa wa dunia au awe mlevi, hospitali iwe ya VA, ya binafsi, iwe hata Bombo pale Tanga, haijalishi. Umeenda kutibiwa kitu cha jeshi ukarudi na kitu kingine, basi.

Na ile karatasi ya ridhaa iliyokuumiza kwenye 1151, huku inakusaidia. Imeandikwa kabisa kwamba operesheni ya goti huweza kuumiza neva. Ushahidi gani tena unautaka, wamekuandikia wenyewe.

DerevaWaKwale:

Mzee nimekaa chini. Yaani miezi tisa nalala na hasira za yule daktari kumbe hata hahitajiki kwenye hadithi?

Lakini mbona mwenye kupitia faili hakuliona hilo mwenyewe, si goti lipo humo humo?

SajiniMstaafu_Tanga:

Kurasa zako tatu zilisema nini? Uzembe, uzembe, uzembe. Umemwonyesha 1151 akaangalia 1151. Faili lina kurasa mia kadhaa na ana mengine kibao mezani.

Dada_wa_Makaratasi:

Habari zenu. Mimi ni mwakilishi niliyeidhinishwa na VA kusaidia maveterani na kleimu, nafanya kazi kaunti moja huku Midwest, huduma ni bure kwa hiyo sitafuti wateja. Aliyosema Sajini ni sahihi, naongeza upande wa fomu na tarehe maana huko ndo watu wanapotezea hela.

Kaka Dereva, tangu Februari 2019 sheria mpya ya rufaa ilipoanza una njia tatu, na yoyote utakayochagua ingia ndani ya mwaka mmoja tangu tarehe iliyo juu ya barua, sio tarehe uliyoifungua bahasha. Kuna ya kupeleka ushahidi mpya, saplimentali, fomu 20-0995. Kuna ya kupitiwa na mtu wa cheo cha juu, fomu 20-0996, huyo haruhusiwi kupokea karatasi mpya hata moja, anaangalia kilichokuwepo siku ile tu, ila unaweza kuomba kuongea naye kwa simu umwonyeshe kosa liko wapi. Na kuna ya kwenda Bodi ya rufaa za maveterani kwa jaji, fomu 10182, na hiyo nayo ina foleni tatu ndani yake: jaji asome kilichopo, au uongeze ushahidi ndani ya siku 90, au usikilizwe na jaji mwenyewe. Ukishindwa Bodi una siku 120 kwenda ile mahakama ya maveterani, lakini tusifike huko.

Wewe ni saplimentali. Usiende kwa mkubwa, maana unachohitaji ndo kile ambacho hakimo kwenye faili, yaani barua ya daktari. Na usiende kwa jaji kwanza, foleni ya Bodi ni ndefu na kitu chako hakihitaji jaji.

Kwanini nasema ndani ya mwaka? Saplimentali unaweza kutuma hata miaka mitano baadaye, itapokelewa. Lakini ukituma ndani ya mwaka malipo yanarudi nyuma mpaka tarehe ya kleimu yako ya kwanza. Ukituma siku ya 366 yanaanza hapo ulipotuma. Nimeona mtu kapoteza malipo ya zaidi ya mwaka kwa sababu ya wiki mbili alizokuwa harusini kwao.

Tahadhari moja: 1151 na sekondari ni vitu viwili kisheria, usije ukatuma 20-0995 peke yake ukarudishiwa kwamba hili la sekondari hujawahi kuliomba. Mwambie mwakilishi wako atume zote siku moja, 20-0995 kulinda ile tarehe ya zamani, na 21-526EZ, ile fomu ya kleimu mpya, imeandika wazi "neva ya mguu wa kulia, sekondari kwa goti la kulia lililobadilishwa". Karatasi moja zaidi haigharimu kitu.

Barua ya daktari sasa. Watu wanaiita barua ya neksasi, yaani inayounganisha ulemavu na chanzo chake. Yule wa EMG anafaa kabisa. Iwe na vitu hivi: amesoma rekodi zako (ataje ripoti ya operesheni na vipimo), kabla ya operesheni mguu ulikuwa mzima, baada ya operesheni umelegea siku hiyo hiyo, na kwa maoni yake kuna uwezekano wa angalau nusu kwa nusu kwamba operesheni ndo chanzo. Asiandike "inawezekana" au "huenda", hayo maneno yanaiua barua. Wala hahitaji kuapa kwamba ana uhakika, nusu kwa nusu inatosha, mizani ikilala sawa sheria inasema shaka ni ya askari. Lakini aeleze KWANINI. Barua ya mstari mmoja "naamini imetokana na operesheni" bila sababu haina uzito hata kama aliyeandika ni profesa. Na aandike kama kupooza ni kamili au si kamili. Hilo neno moja lina bei, nakuja.

Omba pia faili lako lote la kleimu, fomu 20-10206, bure. Usisubiri lije ndo utume rufaa, linachukua muda. Ila nesi aliyekuambia uinue vidole aliandika kitu jioni ile, na hiyo rekodi ya hospitali unaweza kuichukua mwenyewe wiki hii. Ni dhahabu hiyo, imeandikwa kabla mtu yeyote hajafikiria kleimu.

Bei. Neva hiyo ni namba 8521 kwenye jedwali la ulemavu la VA. Kupooza kamili ni 40, isiyo kamili ila kali 30, ya wastani 20, ndogo 10. Una goti 30, mgongo 20, masikio 10. Hesabu zao haziendi kama za sokoni, wanachukua kikubwa kwanza kisha kinachofuata kinatafuna kilichobaki cha mwili. 40 inakuachia 60, asilimia 30 ya 60 ni 18, umefika 58. Weka mgongo unafika 66, weka masikio 69, inazungushwa 70. Ukipewa 30 inafika 65, nayo inapanda 70. Ukipewa 20 unaishia 60. Kwa hiyo kati ya "wastani" na "kali" kuna ngazi nzima ya malipo, ndo maana nasema daktari achague maneno kwa makini, na achague ya ukweli.

Kama ni kupooza kamili, na kuna mabadiliko ya ngozi, ubaridi wa mguu, damu haizunguki vizuri, basi mguu unaweza kuhesabiwa umepoteza matumizi yake na kuna posho ya pembeni inaitwa SMC-K, zaidi ya dola 130 kwa mwezi juu ya hizo asilimia. Halafu kovu. Kovu la goti linauma ukiligusa? Kovu moja au mawili yanayouma ni 10. Hujalitaja, sema kama lipo.

DerevaWaKwale:

Kovu linauma dada, hata shuka likipita juu yake. Sikujua kovu linahesabiwa, kwetu kovu ni kumbukumbu tu.

Hiyo 30 ya goti je, nayo niipinge?

Dada_wa_Makaratasi:

30 ndo kiwango cha chini kabisa baada ya kubadilishiwa goti, na inaweza kufika 60 kama kuna maumivu makali au udhaifu mkubwa wa kudumu. (Na ile 100 ya mwanzo zamani ilikuwa mwaka mzima, 2021 wakaikata ikawa miezi minne, kwa hiyo hapo hawakukudhulumu.) Mchezo uko kwenye uchunguzi. Ulipoenda kwa yule daktari wa uchunguzi anayewapimia VA ulisema nini? Jibu kweli.

DerevaWaKwale:

Alinikaribisha vizuri, akauliza unaendeleaje, nkamwambia naendelea vizuri namshukuru Mungu. Akaniambia kunja goti, nkalikunja nimeuma meno. Dakika kumi na tano tumemaliza. Nkaja kuona kwenye barua "mhusika anaeleza kwamba anaendelea vizuri."

Dada_wa_Makaratasi:

Nilijua. Samahani sicheki wewe, nacheka sisi wote.

Hili nalirudia kila wiki kwa watu wetu, Mkenya, Mtanzania, Mkongo, wote. Sisi tumelelewa ukiulizwa hujambo unasema sijambo. Mtu yuko kitandani ana dripu mkononi, "habari za kuumwa?" "nzuri tu". Mtu kafiwa, "habari za msiba?" "nzuri, tumezika salama". Ndo salamu yetu na ni nzuri, inampa mwenzio nafasi ya kukaa kabla hujamtwisha. Lakini yule mchunguzi hajui kwamba "nzuri" yetu ni mlango tu, habari zenyewe ziko nyuma. Yeye anaandika anachosikia. Umesema vizuri, ameandika vizuri, na mtu aliyekaa mji mwingine kabisa anasoma "vizuri" anakupa asilimia za vizuri.

Na wanaume ndo balaa zaidi, jeshi limewaongezea kuuma meno juu ya meno mliyotoka nayo nyumbani. Akisema kunja, likianza kuuma sema HAPA LINAUMA, yeye anatakiwa aandike nyuzi ngapi maumivu yalianzia. Usiigize, usichechemee zaidi ya unavyochechemea siku zote, wanaona. Ila usifiche. Akiuliza unaendeleaje mwambie siku mbaya inakuwaje: umedondoka mara ngapi mwaka huu, ngazi unashukaje, kiatu cha kulia kinaisha wapi. Mpelekee kabisa hicho kiatu.

SajiniMstaafu_Tanga:

Kiatu ni hoja. Mimi nilipeleka fimbo ilivyoisha upande mmoja.

Na mkeo aandike. Fomu 21-10210, maelezo ya shahidi, hana haja ya kuwa daktari, anaandika anachokiona kwa macho yake: kabla ya tarehe fulani alikuwa anatembea hivi, baada yake hivi, usiku alidondoka njia ya msalani tarehe fulani. Kama Kiingereza kinampa tabu aandike Kiswahili kisha mtafsiri atie sahihi na tafsiri iambatane. Bosi wako wa foklifti naye aandike kwanini alikuhamisha.

Mzee_Mambo_Poa:

Dereva nikuunganishe na jamaa, yeye anakufanyia kila kitu mpaka barua ya daktari ana daktari wake, halafu ukipandishwa unampa nyongeza ya miezi sita tu. Mimi kanitoa 30 mpaka 80.

Dada_wa_Makaratasi:

Hapana hapana hapana. Anayechukua hela kukuandalia kleimu ya VA lazima awe ameidhinishwa, na hata aliyeidhinishwa hawezi kukutoza kabla uamuzi wa kwanza haujatoka. Wakili wa kweli anachukua sehemu ya malimbikizo, kawaida 20 kwa mia, na ikipita theluthi moja inahesabiwa si halali mpaka athibitishe. "Nyongeza ya miezi sita" ni lugha ya watu wasio na kibali, siku kitu kikiharibika hana jina kwenye faili lako na wewe ndo umesaini. VA wana ukurasa wa kutafuta walioidhinishwa, andika jina lake, kama halipo kimbia. Vyama vya maveterani kama DAV, VFW, American Legion, na ofisi za kaunti, wote hao ni bure.

Mzee_Mambo_Poa:

Sawa mama, mi nlikuwa nasaidia tu. Jina lake nimelitafuta sasa hivi halipo 😅

Mtu_wa_Houston:

Narudi kwa wakili wangu. Kwahiyo hospitali inapona hivi hivi?

SajiniMstaafu_Tanga:

Swali la haki, nlikukaripia bure mwanzoni. Ni vitu viwili tofauti na hakuna kinachozuia kingine. Hospitali ni ya binafsi, kwa hiyo ni kesi ya kawaida ya jimbo, na majimbo mengi yanatoa miaka miwili au mitatu tu, Texas ni miwili. Dereva yuko mwezi wa 19! Kama ana nia akamwone wakili wa kesi za matibabu wiki hii sio baada ya Krismasi, ushauri wa kwanza wengi hawatozi. Ila ajue huko ndo uzembe lazima uthibitishwe, na ile karatasi aliyosaini itasomwa mbele yake.

Ingekuwa hospitali ya VA yenyewe, unajaza fomu 95 ndani ya miaka miwili, wana miezi sita ya kujibu, wakikataa au wakinyamaza ndo unaenda mahakama ya shirikisho. Na huko ukishinda huku una 1151, wanakukata malipo ya mwezi mpaka zifidie zile ulizolipwa mahakamani. Ya sekondari haina makato hayo.

Mwana_Goma:

Bandugu jambo. Mie niko na swali karibu na hii. Mie operesheni ya bega walinifanyia nikiwa ningali ndani ya jeshi, hospitali ya jeshi, sasa mkono hauinuki kupita kichwa. Natoka mwezi wa sita. Nifanye 1151 ao sekondari?

Dada_wa_Makaratasi:

Karibu ndugu. Wala hiyo wala hiyo, ni moja kwa moja. Kilichokupata ukiwa kazini kinahesabiwa cha jeshi, pamoja na matokeo ya operesheni, huna haja ya kumlaumu mtu. Usisubiri utoke, kuna mpango wa BDD wa kuomba kati ya siku 180 na 90 kabla ya kutoka, hesabu vizuri usipitwe. Kuhusu kushtaki, askari aliye kazini hawezi kuishtaki serikali mahakamani kwa hilo, ni uamuzi wa 1950 unaoitwa Feres. Ila kuanzia sheria ya ulinzi ya mwaka 2020 unaweza kupeleka madai ya uzembe wa matibabu kwa jeshi lenyewe, ndani ya miaka miwili. Nenda JAG, ofisi ya wanasheria wa jeshi, wakuelekeze.

Mwana_Goma:

Aksanti sana dada. Mungu akubariki na ma form yako.

DerevaWaKwale:

Wakuu nimerudi, ni mwezi wa pili sasa, samahani kwa ukimya.

Nilienda ofisi ya kaunti kesho yake tu. Fomu zote mbili zilitumwa kabla ya Krismasi. Rekodi za hospitali nimezipata, na yule nesi Mungu amuweke, ameandika saa na dakika: mgonjwa hawezi kuinua wayo wa kulia, daktari amearifiwa. Mstari mmoja na nusu. Zile kurasa zangu tatu za hasira nimeziacha kwenye droo.

Daktari wa EMG mwanzoni aligoma, akasema yeye haandiki barua za mahakama. Nkamweleza sio mahakama na hamlaumu mtu, anasema tu kilichotokea. Akaandika ukurasa mmoja, ameweka "si kamili, kali" na sababu zake. Sikumwomba abadilishe, ndo ukweli, kidole gumba kinatikisika kidogo nkikikazania. Wakili nilimuona pia, amechukua rekodi anasoma, hajaahidi kitu.

Uchunguzi ulikuwa wiki iliyopita. Nlikaa garini robo saa nafanya mazoezi ya kutosema niko poa. Mama wa watu akaniuliza leo unaendeleaje, ulimi ukataka kwenda wenyewe, nkaukamata, nkamwambia jana nimedondoka kwenye gereji. Akaacha kuandika akaniangalia, akasema nieleze. Tulikaa dakika hamsini. Kiatu nilipeleka, akakipiga picha.

Majibu bado. Dada, ulisema kuna kitu kuhusu wazazi ukifika 30, ama nlisoma kwingine?

Dada_wa_Makaratasi:

Hongera kwa kuukamata ulimi. Ndio, ukiwa 30 na kuendelea unaongezewa mke na watoto, fomu 21-686c, hata kama wako Kwale, ilimradi vyeti vya ndoa na kuzaliwa viwepo. Na mzazi anayekutegemea pia, kama kipato chake ni kidogo, fomu 21P-509. Watu wetu wengi wanatuma hela kwa mama kila mwezi miaka kumi na hawajawahi kuijaza. Wewe ulishakuwa 30 tangu siku nyingi kaka, mbona hukusema.

DerevaWaKwale:

Kwa sababu hakuna aliyeniuliza dada, na mi si unajua, nlikuwa nasema niko poa.

Mama ana cheti cha kuzaliwa kilichotolewa juzi juzi kina mwaka mmoja, kitambulisho kina mwaka mwingine. Nimempigia mdogo wangu aende kwa chifu, chifu anasema mwenye shida aje mwenyewe.